Bawabu Asiyeona Nyuso

Mlango ni kitu cha ajabu katika mambo ya binadamu: uingizao riziki ndio huo huo uingizao uharibifu. Mwenye fremu katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hulijua jambo hili bila kufundishwa. Watu hamsini wasio na nia ya kununua wakisongamana mlangoni pake, kila mmoja akiuliza bei ya khanga na kungoja jibu, hapana kilichoibwa wala kilichovunjwa. Hata hivyo mnunuzi wa kweli hapati pa kupita, na jioni kisanduku cha fedha ki kitupu. Dhuluma imetendeka kwa kutumia haki ya kila mtu, yaani haki ya kuuliza.

Shambulio la kunyima huduma katika intaneti ni dhuluma ya namna hiyo. Mwezi Julai 2023 jukwaa la eCitizen la Kenya, ambalo kwalo wakati huo wananchi walipata huduma za serikali zaidi ya 5,000, lilikwamishwa hivyo. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitangaza kuwa ndilo lililotenda. Serikali ilieleza kwamba mfumo ulisongwa kwa maombi mengi kupita kawaida, na kwamba hapana taarifa zilizopotea. Walakini wasafiri walioshindwa kupata viza kwa mtandao iliwabidi waahidiwe kupewa wafikapo. Mwezi Oktoba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka juu ya ndugu wawili wa Kisudani kuhusu kundi hilo.

Ubaya wa mshambuliaji hauhitaji wino mwingi. Swali gumu liko upande wa pili, kwa yule alindaye, naye aghalabu haulizwi swali lolote la maadili, kwa kuwa kazi yake huhesabiwa kuwa ya ufundi tu.

Seva haioni nyuso. Huona anwani, mwendo na idadi. Katika mpangilio wa zamani wa programu ya Apache, kila mgeni hushikwa mkono na mtumishi mmoja, na watumishi, kama hapana aliyebadili hesabu, hawazidi 256. Mwaka 2009 ilitolewa programu iitwayo Slowloris, ambayo hila yake ni upole: hufungua mazungumzo mengi, husema neno moja, hunyamaza, husema jingine, wala haimalizi kamwe. Kompyuta moja yaweza kuwashughulisha watumishi wote. Dawa yake ni amri ya mstari mmoja: mgeni amalize maelezo yake ya kwanza katika sekunde 20, na akiendelea kusema kwa kiasi cha baiti 500 kila sekunde, aongezewe muda hadi sekunde 40.

Sasa na iulizwe, nani mwingine duniani husema polepole? Ni mwenye simu dhaifu, aliye ndani kabisa ya jengo la ghorofa Kariakoo, saa sita mchana, wakati mtandao umeelemewa. Umaskini wake wafanana na hila ya adui. Sekunde 20 zamtosha. Lakini fundi aliyeshikwa na hofu huzipunguza zikawa tatu, na kwa namba hiyo amekwisha kuhukumu watu asiowajua.

Jambo la anwani ni zito zaidi. Fundi huamuru kwamba anwani moja isiombe zaidi ya mara tano kwa sekunde, naye hudhani amekuwa mwadilifu, kwa sababu kipimo ni kimoja kwa wote. Lakini anwani za mtindo wa zamani ni haba, na kwa uhaba huo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Anwani moja ya Ulaya huenda ikawa nyumba ya mume, mke na watoto. Anwani moja ya Ilala huenda ikawa umati. Kipimo sawa juu ya watu wasio sawa si uadilifu, ni uvivu uliovikwa joho la hakimu. Na afungiaye nchi za nje zote amemfungia pia Mtanzania aliye Muscat.

Hata majeshi ya adui si adui. Programu ya Mirai, ambayo tarehe 21 Oktoba 2016 ilitumiwa kuiangusha huduma ya kampuni ya Dyn ya Marekani, iliandikisha askari wake katika kamera na vifaa vya mtandao ambavyo wenyewe hawakubadili nywila za kiwandani. Kamera iliyotundikwa ili kulinda duka yaweza kuvunja mlango wa mtu mwingine usiku, na mwenye duka amelala usingizi wa mtu mwema.

Wako wasemao kwamba usalama wa wengi huhalalisha hasara ya wachache. Hoja hii ina nguvu wakati nyumba inawaka. Hapana amlaumuye bawabu afungaye mlango saa hiyo. Taabu ni kwamba amri iliyoandikwa katika usiku wa hofu hukaa miaka. Aliyekataliwa halalamiki, maana mahali pa kulalamikia ni pale pale alipofungiwa.

Yafaa basi fundi aanze kwa kupunguza haja ya kuhukumu: kurasa zisomwazo na wote ziwekewe nakala tayari, na ukali ubakie kwa kazi nzito kama kutafuta na kuingia kwa nywila. Programu ya nginx yaweza kumpanga mgeni katika foleni kabla ya kumkataa. Kusubiri kwauma kidogo kuliko kufukuzwa. Na akikataliwa, aambiwe nini? Nginx, isipoagizwa vingine, hutoa jibu 503, kana kwamba huduma haipo. Jibu 429 husema mgeni ameomba kupita kiasi. Nalo, kwa mtu aliyeomba mara moja tu nyuma ya anwani ya umati, ni singizio. Lililo la kweli kuliko yote mawili ni maneno machache ya Kiswahili kwenye ukurasa, pamoja na muda wa kurudi, ili mfanyabiashara atafutaye namba ya malipo siku ya mwisho ya kodi ajue kama angoje nusu dakika, au afunge fremu aende kwa miguu ofisini.