Sitara na Deni Lake: Kufunika Moto wa Lori Katika Barabara ya Rusumo

Kufunika ni tendo ambalo dini na falsafa zimelihukumu kwa namna mbili zinazopingana, kwani mara limesifiwa kuwa ni huruma na mara limelaaniwa kuwa ni hila. Mwanazuoni anapolijadili huanza na moyo wa mtu, aibu za jirani na siri za nyumba, ilhali tendo hilo hilo hufanyika kila siku kwa mikono yenye grisi, chini ya kabini ya lori. Katika wilaya za Biharamulo na Ngara, ambako barabara itokayo Dar es Salaam hupita Lusahunga, Nyakahura na Benaco hadi daraja la Rusumo mpakani mwa Rwanda, huku tawi lake likishika njia ya Ngara mjini na Kabanga kuelekea Burundi, mwenye lori ambalo injini yake inatoa joto la kupita kiasi huwa na njia mbili mbele yake: kuyazungushia mabomba ya ekzosi mkanda wa kuzuia joto, au kuyapaka kauri. Fundi hulijibu jambo hilo kwa bei na kwa muda, lakini ndani yake limo swali la maadili, nalo ni hili: je, aliyefunika kitu amemaliza wajibu wake, au ndipo ameuanza?

Ili swali lieleweke, ni lazima kwanza kifahamike kinachofunikwa. Manifodi ya ekzosi ni mabomba yanayoupokea moshi unapotoka tu katika silinda, yaani vyumba ambamo dizeli huungua, na kuupeleka kwenye tabo, ambayo ni feni inayozungushwa na moshi huo ili kuisukumia injini hewa zaidi, kisha kwenye sailensa. Katika malori mengi manifodi hiyo ni ya chuma cha kalibu, na katika injini zilizofanyiwa mabadiliko huwa ni mabomba ya chuma chembamba yaliyokunjwa na kuchomelewa. Lori lililosheheni linapopanda vilima vya Ngara kwa gia nzito, moshi unaopita humo huweza kufikia nyuzijoto 600 za Selsiasi au zaidi, na dizeli inayodondokea chuma chenye moto wa namna hiyo huweza kuwaka bila cheche yoyote. Kwa kuwa malori mengi ya njia hiyo kabini yake imekaa juu ya injini, na nyuma ya kiti cha dereva kuna kitanda, joto lisilozuiwa hupanda hadi kwa mtu aliyelala, na njiani hukausha mipira ya maji na kuharibu ngozi za nyaya. Kulizuia, basi, si anasa, na tena moshi unaobaki na joto lake hufika kwenye tabo ukiwa na nguvu zaidi ya kuizungusha.

Mkanda unaotumika ni utepe uliofumwa kwa nyuzi za kioo, au kwa nyuzi zilizotengenezwa kwa kuyeyusha mwamba wa volkano, na upana wake kwa kawaida ni milimita 25 au 50. Fundi huulowesha maji ili ulainike na usimwashe ngozi, huuzungusha bombani huku kila mzunguko ukilalia sehemu ya uliotangulia, kisha huukaza kwa vibanio vya chuma kisichoshika kutu. Kazi hiyo hukamilika kwa saa chache katika gereji ya kando ya barabara, na gharama yake ni ndogo. Hata hivyo, joto linapozuiwa kutoka, chuma chenyewe huwa cha moto kuliko kilivyokuwa kikiwa wazi. Na kwa kuwa utepe hunyonya, maji ya masika na tope la njiani hukaa humo lori linaposubiri foleni mpakani, na oili au dizeli ikivujia humo, mkanda hugeuka utambi. Anayeukata baada ya misimu kadhaa aghalabu hukuta jambo ambalo nje halikuwa na dalili: utepe umekuwa mgumu na wa kijivu kama gamba, unabanduka pamoja na kutu iliyoachana tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu, na penye kiungo cha mabomba mawili pana mstari wa masizi, mwembamba kama unywele, ambao ndio ufa. Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga, na bomba hilo limeliwa ndani ya vazi lake.

Mipako ya kauri hufuata adabu nyingine. Bomba hufunguliwa kutoka katika injini, hupigwa mchanga kwa nguvu ya upepo hadi chuma kibaki kitupu, ufa wowote huchomelewa kwanza, ndipo kauri ya majimaji hupuliziwa na kuokwa katika tanuri mpaka ishikamane na chuma. Unene wake ni sehemu ndogo tu ya milimita, kwa hiyo hauna mahali pa kuhifadhi maji. Mara nyingi huzuia joto kwa kiasi kidogo kuliko mkanda mnene uliofungwa vizuri, na kwa sababu kauri na chuma havitanuki kwa kipimo kimoja, kazi iliyoandaliwa vibaya hubanduka. Lakini inapobanduka huonekana. Na juu ya kutu au mafuta haishiki kabisa, kana kwamba inamtaka fundi aungame kwanza hali ya chuma chake.

Wakristo, ambao katika Ngara wana Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara na Dayosisi ya Kianglikana ya Kagera yenye makao yake Murgwanza, husoma katika Maandiko masimulizi mawili yanayohusu jambo hili. Katika kitabu cha Mwanzo, wana wawili wa Nuhu wanatembea kinyumenyume na nguo mabegani ili wausitiri uchi wa baba yao bila kuutazama, nao wanabarikiwa. Na katika Injili ya Mathayo, Yesu anawafananisha wanafiki na makaburi yaliyopakwa chokaa, ambayo nje yanapendeza na ndani yamejaa mifupa. Kwa juu juu, simulizi la kwanza lingeupa ushindi mkanda, ambao ni vazi, na la pili lingeishutumu kauri, ambayo ni rangi. Usomaji wa ndani zaidi huleta hukumu tofauti, kwa maana chokaa ya kaburini haikudai lolote kwa kilichokuwa chini yake. Ilipakwa juu ya uozo na uozo ukaachwa ulivyo, wakati kauri haikubali kukaa mpaka uozo uondolewe. Nayo nguo ya wana wa Nuhu ilifunika aibu ya saa chache ambayo haikumdhuru mtu mwingine. Kama wangelikuta jeraha linalooza, wakalifunika na kwenda zao, baraka ile isingekuwa na maana.

Katika Uislamu mizani ni hiyo hiyo. Sitara, yaani kustiri aibu ya mwenzio, ni miongoni mwa matendo yaliyoahidiwa malipo makubwa, kwani anayemsitiri ndugu yake Mungu atamsitiri Siku ya Kiyama. Lakini mapokeo hayo hayo yanasimulia kwamba Mtume Muhammad alipita penye chungu ya nafaka sokoni, akaingiza mkono wake, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua iliyoinyeshea, naye akaulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione. Hoja ya mvua ilikuwa ya kweli, na hakuna aliyemlaumu kwa mvua. Kosa lake lilikuwa mahali alipouweka unyevu, nalo wanasheria wa Kiislamu huliita tadlisi, yaani kumfichia mnunuzi kasoro ya bidhaa. Anayelifunga bomba lenye ufa kwa mkanda mpya siku moja kabla ya kuuza lori amefanya biashara ile ile.

Augustino wa Hippo, akiandika dhidi ya uongo mnamo mwaka 420, alitenganisha kuficha ukweli na kusema uongo, kwa kuwa si kila anyamazaye anadanganya. Tofauti hiyo inausafisha mkanda kwa hukumu ya kwanza: utepe hausemi kwamba bomba ni zima, bali haulionyeshi tu. Hata hivyo tofauti hiyo haitoshi, kwa sababu inaangalia kilichosemwa na haiangalii nani yuko hatarini. Hapa ndipo panapohitajika kipimo kingine, nacho ni cha kutenganisha aibu na hatari. Aibu huumiza inapoonekana, na kwa hiyo kuifunika ni kumponya mtu. Hatari huumiza zaidi isipoonekana, na kwa hiyo kuifunika ni kuilisha. Ufa wa ekzosi ni wa aina ya pili, na wenye haki ya kuujua ni wengi: dereva anayelala juu yake, utingo wake, mama anayeuza ndizi kando ya magari Benaco, na wote walio kwenye foleni ya Rusumo pamoja na malori ya mafuta yanayoelekea Kigali.

Itapingwa kwamba hoja hii inawaelemea maskini, kwa kuwa tanuri la kauri halipatikani katika kila gereji, na mwenye lori moja la mkopo hawezi kulisimamisha kwa siku kadhaa wakati marejesho yanamsubiri. Pingamizi hilo ni zito, na linastahili jibu lisilo la dharau. Kufunga mkanda si dhambi. Lakini anayeufunga amekopa, na deni lake ni kufunua. Hulilipa kwa kutoufunga kamwe juu ya ufa au kutu, kwa kuutupa uliokunywa oili bila kuuhurumia, na kwa kuufungua kabla ya kila masika hata kama injini inaimba vizuri. Aliye na uwezo wa kauri amelipa sehemu kubwa ya deni hilo mapema, siku ile chuma kilipovuliwa kila kitu. Asiye nao atalilipa kidogo kidogo, lakini hawezi kusamehewa. Historia ya karne ya 20 inatoa onyo katika asibestosi, madini yenye nyuzi ambayo yalizungushiwa mabomba ya mvuke melini na viwandani: abiria walikingwa na joto, na nyuzi zikakaa katika mapafu ya mafundi waliozifunga, zikidhihiri kuwa maradhi baada ya miongo kadhaa. Kifuniko hicho nacho kilikuwa na deni, ila walioagiza kifungwe hawakutaka kutazama mkono wa nani ungelilipa.

Kwa hiyo jibu la swali lililoulizwa mwanzoni ni kwamba aliyefunika ameuanza wajibu wake. Fundi wa Benaco anapokata mkanda mzima wakati mbingu za Ngara zinaanza kuwa nzito, akapitisha kidole juu ya kila kiungo, akakitazama kama kimerudi na masizi, ndipo akaanza kufunga upya, anatenda lile lililotendwa sokoni juu ya chungu ya nafaka: hatosheki na sura ya juu, anaingiza vidole ndani.