Amana na Vipande Vyake

Wahenga waliacha misemo miwili inayovutana juu ya vitu vikuukuu. Mmoja husema kipya kinyemi kingawa kidonda. Wa pili husema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Wa kwanza hueleza udhaifu wa moyo, wa pili hueleza hukumu ya akili. Kati ya moyo na akili husimama mtu mwenye kitu cha kale mkononi, asiyejua kama akitupe, au akitunze kilivyo, au akibadili kidogo kidogo mpaka kisitambulike. Mashaka ya mtu huyo si madogo. Ndani yake mna swali ambalo wanafalsafa wameshindana nalo kwa karne nyingi: kitu kilichobadilishwa sehemu zake zote, je, ni kile kile au ni kingine? Na nyuma ya swali hilo mna jingine zito zaidi, ambalo aghalabu halitajwi: anayelijibu, hulijibu kwa ajili ya ukweli au kwa ajili ya faida yake?

Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, alisimulia habari za chombo cha shujaa Theseus kilichohifadhiwa na watu wa Athens. Kila ubao ulipooza uliondolewa, ukatiwa mpya mahali pake, hata wenye hekima wakagawanyika: wengine walisema chombo ni kile kile, wengine walikana. Mnamo mwaka 1655 Thomas Hobbes, Mwingereza, aliliongezea swali uchungu. Je, kama mtu angaliziokota mbao zote kuukuu na kuziunga upya kwa mpango wake wa awali, chombo cha kweli kingalikuwa kipi kati ya viwili?

Mtu wa Handeni au wa Korogwe hana haja ya kusafiri mpaka Athens ili alikute swali hili. Mkulima wa Handeni aliyebadilisha mpini wa jembe mara tatu na bamba lake mara mbili bado huliita jembe la babu yake. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902 imebadilishwa vyuma na mataruma, na walioijenga hawapo tena duniani. Walakini hakuna asemaye kwamba reli ile imekufa na nyingine imezaliwa. Watu huishi na jibu kabla ya kulijua swali. Jibu hilo huwatosha siku zote, ila siku moja tu: siku ambayo kitu kina wadai wawili.

Basi ichukuliwe mfano wa ndugu wawili. Mfano huu ni wa kubuni, umetungwa ili kupimia fikra, lakini hauna jambo lisiloweza kutokea. Baba yao, mkazi wa Handeni, alinunua mwaka 2017 kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, ya aina inayopendwa na vijana kwa michezo. Ilikuwa na prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, kumbukumbu ya gigabaiti 8, diski ngumu ya kuzunguka, na kadi ya picha ambayo hata wakati ule ilikuwa imechoka. Kabla ya kufariki aliusia mbele ya wazee kwamba kompyuta ile isiuzwe. Itumiwe na wanawe, na siku mtoto wa kwanza wa ukoo atakapoingia chuo kikuu, apewe yeye. Kaka alibaki nayo Handeni. Mdogo wake alihamia Korogwe kutafuta riziki.

Kaka alikuwa na akili ya fundi. Jioni aliwaruhusu vijana wa mtaa kucheza mpira wa kwenye kioo kwa sarafu chache, na sarafu zile akaziweka akiba. Hakuanza kwa kununua. Alianza kwa kufungua kasha, kupuliza vumbi lililoziba feni, na kubadilisha dawa iliyokauka juu ya prosesa. Mashine ikapoa na kwenda vizuri kwa gharama iliyo karibu na bure. Hili ni funzo la kwanza, na wengi hulipita: kitu kingi kinachoitwa kizee ni kichafu tu.

Kisha akatoa diski ya kuzunguka akatia ya SSD isiyo na kitu kinachozunguka, na mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika kadhaa ikawaka kwa sekunde chache. Akatoa kumbukumbu za zamani akatia gigabaiti 16. Akatoa kadi ya picha akaweka GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019, kwa sababu hutumia wati zipatazo 75 tu, na kifaa cha umeme kilichokuwamo kiliweza kuibeba. Mwisho zikaja habari kwamba kuanzia tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft itakoma kuitunza Windows 10 kwa namna ya kawaida, na kwamba Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya Intel iliyo chini ya kizazi cha nane. Mashine iliyokuwa nzima jana ikatangazwa kuwa kongwe leo, pasipo kuvunjika msumari.

Hapo kaka akakutana na sheria ya pili ya vitu vya namna hii: sehemu moja huvuta nyingine. Prosesa mpya haiingii katika bodi kuu ya zamani. Bodi mpya haizipokei kumbukumbu za DDR3, hutaka DDR4. Na akiisha kubadili hayo, kifaa cha umeme kilichozeeka hakiaminiki tena. Aliyekusudia kubadili kimoja hujikuta amebadili vinne. Tamaa nayo ina tabia hiyo hiyo, ila tamaa haina orodha ya vipimo inayomwambia mtu mahali pa kukomea.

Kila kilichotolewa, kaka alikifunga vizuri akakipa basi lishukalo Korogwe, ili mdogo wake aone kama kitamfaa. Kwa jambo hili anastahili sifa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na sehemu iliyothibitika kukusanywa na kurejelewa ipasavyo haikufika robo. Vilivyobaki aghalabu huzikwa, huchomwa au hutelekezwa, pamoja na risasi na sumu nyingine zilizomo. Mdogo hakutupa kitu. Alivipanga vipande kimoja kimoja, na kasha la zamani lilipomfikia, lenye jina la baba lililochorwa kwa msumari, akaviunga vyote. Mashine ikawaka. Iliwaka taratibu, lakini iliwaka.

Mwaka huo huo binti wa dada yao akapata nafasi ya chuo kikuu. Wosia ukasimama mbele ya wajomba wawili. Kompyuta ya baba ni ipi?

Kaka akasema: "Ni iliyoko Korogwe. Bodi ni ile, diski ni ile, kasha ni lile, na jina la marehemu liko juu yake. Hii ya Handeni haina hata parafujo moja aliyoigusa baba." Mdogo akajibu: "Ni iliyoko Handeni, kaka. Hiyo haikukoma kuwa kompyuta yetu hata siku moja. Wewe mwenyewe hukuiita kwa jina jingine. Mimi nilipokea vilivyotupwa."

Hoja zote mbili ni nzuri, na hapo ndipo hatari ilipo. Ya kaka ni hoja ya mada: kitu ni vile vipande vyake. Ya mdogo ni hoja ya mfululizo: kitu ni yale maisha yake yasiyokatika. Lakini mtu akizitazama tena huona kwamba kila ndugu ameichagua falsafa inayomwachia mashine yake. Kama kaka angalikuwa Korogwe na mdogo Handeni, yamkini wangalibadilishana falsafa kama wasafiri wanavyobadilishana viti. Hoja isiyomgharimu msemaji wake haiwi batili kwa sababu hiyo, lakini yastahili kupimwa mara mbili.

Huenda mtu akasema, kumbukumbu ndiyo iamue: palipo na barua na picha za marehemu ndipo ilipo kompyuta yake. Njia hii haifiki mbali. Kaka alipobadili diski alizinakili barua zote, na diski ya kale ikaenda Korogwe nazo. Kumbukumbu zimo pande zote mbili, hazina upungufu popote. Na kitu kilichopo pande zote hakiwezi kuchagua upande.

Msaada hupatikana katika jambo lililozoeleka zaidi Handeni, nalo ni mbuzi. Mtu huachiwa mbuzi watano kwa amana. Baada ya miaka kumi wale watano wamekufa wote, na zizini wamo watoto na wajukuu wao. Je, mchungaji anaweza kumwambia mwenye mali kwamba mbuzi wake wamekwisha, na kumpa ngozi zao? Angalifanya hivyo, wazee wangalimcheka kabla ya kumhukumu. Kilichowekwa mikononi mwake ni kundi, na kundi huishi kwa kuzaa na kufa. Walakini wazee hao hao hawangalimwachia mchungaji mikono mitupu. Kazi ya miaka kumi ina ujira wake.

Mfano huu hufungua fundo. Fedha zilizonunua sehemu mpya zilitokana na mashine yenyewe, kwa sarafu za vijana waliocheza jioni. Mashine ilijizaa. Iliyoko Handeni ndiyo kundi. Zilizokwenda Korogwe ni ngozi, ingawa ni ngozi zenye heshima. Tena baba hakuusia chuma wala shaba. Aliusia msaada kwa mtoto wa ukoo atakayesoma, na msaada huo unapatikana katika mashine inayoweza kumtumikia kwa miaka ya masomo yake. Kumpa binti vipande vya asili na kumnyima kompyuta ifaayo kungalikuwa kuyatii maneno ya wosia na kuusaliti wosia wenyewe.

Yafaa kukubali kwamba hukumu ingalikuwa ngumu zaidi kama kaka angalitoa fedha za jasho lake la shambani. Hapo mfano wa mbuzi ungalilegea, na haki ingalidai kwamba thamani aliyoiongeza irudishwe kwake kabla ya amana kutolewa. Asili ya kitu, basi, haimo ndani ya kitu peke yake. Imo pia katika ahadi zinazokizunguka: nani alikiweka, kwa kusudi gani, na nini kilichokilisha. Jembe la babu huwa la babu muda wote ambao mjukuu hulima nalo shamba lile lile kwa nia ile ile. Likiuzwa kwa mgeni, ubavu mmoja wa jina lake huanguka, hata kama mpini ni wa zamani.

Kwa hukumu hii binti huchukua mashine ya Handeni. Kaka hupoteza kazi ya mikono yake, lakini hapotezi ufundi. Na ujira wake, kama wazee watakavyokubali, waweza kuwa ile ya Korogwe, itumiwe na ndugu wote wawili kama baba alivyoagiza mwanzo. Kwa hiyo kasha lenye jina la marehemu hupakiwa tena katika basi, mara hii likipanda kutoka Korogwe kwenda Handeni. Likifika, litafunguliwa na kupulizwa vumbi.