Mpaka Kinywani



Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa bado changa, moto wa Pentekoste haujapoa, na tayari watu wananung'unika juu ya chakula. Wajane wa Kiyunani wanarukwa katika mgawo wa kila siku. Na chakula kipo! Waliokuwa na mashamba wameshauza, fedha zimewekwa miguuni pa mitume, lakini kuna mjane anarudi kwake mikono mitupu.

Mitume hawakuwahubiria wajane wale subira. Waliwaita waumini wote, wakasema wachaguliwe watu saba wenye jina jema, wenye Roho na wenye hekima, kisha wakawawekea mikono. Stefano, aliyekufa shahidi, kazi aliyochaguliwa kwanza ilikuwa kugawa chakula. Tena yasome majina yao: yote saba ni ya Kiyunani. Ghala lilikabidhiwa upande ule ule uliokuwa ukilia.

Sasa njooni kaunti ya Tana River, Kenya. Masika ya 2024 mvua ilipiga Mlima Kenya na Nyandarua, bwawa la Masinga likafurika, na mtu wa Madogo, Hola na Garsen akaamka maji yamo chumbani. Wengi walikuwa wameshafukuzwa na El Niño mwishoni mwa 2023. Barabara ya Garissa ikakatika, watu wakawa wanavuka kwa mashua, na mwishoni mwa Aprili mashua moja ikazama mahali paitwapo Kona Punda na roho za watu.

Katika maji kama hayo walitembea watu wa kujitolea, unga begani, matope magotini, wasio na mshahara. Mungu awazidishie! Lakini nina neno nanyi mnaojitolea, na nina neno kali zaidi na sisi tunaowatuma.

Msaada haujafika mpaka umefika kinywani. Gunia likishuka kwenye lori, limefika kambini tu. Mama kapewa mahindi makavu, na mashine ya kusaga imo majini. Kapewa maharagwe yanayotaka saa tatu motoni, na kuni zimelowa, sufuria imesombwa. Maji ya kupikia ni yale yaliyopita chooni. Mei ya mwaka ule ule kipindupindu kikaripotiwa Tana River. Daftari linasema mama huyu amesaidiwa. Mtoto wake analala na njaa. Tutamwambia nini Bwana: kwamba tulitia sahihi?

Ewe mtoaji, kabla hujafungua mkono, mfikirie yule atakayepika. Toa unga uliokwisha kusagwa. Toa sufuria, mafuta, chumvi, kiberiti kilichofungwa kisilowe, na dawa ya maji. Usitoe kile kilichokushinda wewe kula.

Nawe unayegawa, itazame orodha yako kwa hofu ya Mungu. Yuko wapi bibi asiyeweza kusimama foleni? Yuko wapi aliyehifadhiwa kwa shemeji yake, nyumba moja sasa inalisha jamaa tatu, na kwa kuwa hayuko kambini hakuna aliyemwandika? Delta ya Tana ilimwaga damu 2012, Mpokomo na Muorma wakauana. Mgawaji akianza na watu wake, anapulizia makaa yale. Kwa hiyo waliohamishwa wenyewe wakae kwenye kamati: mkulima na mfugaji, Mkristo na Mwislamu, wanawake kwa wanaume, nao washike daftari. Usimuulize mwenye njaa anaswali wapi. Njaa yake yatosha kuwa ushahidi.

Na simu yako, irudishe mfukoni! Yule mzee unayetaka kumpiga picha alikuwa na migomba na miembe yake, na wageni walikula kwake wakashiba. Leo anapokea kilo mbili za unga huku ameinamisha macho. Mpe kwa mikono miwili, msalimie shikamoo, umwache na heshima yake. Picha yake si risiti yako.

Mwisho, sikieni hili enyi makanisa. Maji yakipungua, magazeti huondoka, malori hugeuza, na sisi husema ashukuriwe Mungu, yamepita. Hapo ndipo njaa inapoingia kazini! Shamba limefukiwa na tope, mbegu imeoza, mbuzi wamekwenda na mto. Hata mkulima akipanda leo, mahindi yatamweka miezi mitatu, minne, na siku zote hizo watoto wataomba uji kila asubuhi.

Basi msitoe mara moja mkanawa mikono. Kila kanisa lichukue familia linazoziweza, lizijue kwa majina, lizipelekee unga mwezi huu, na mwezi ujao, na ule wa baada yake. Tena liongeze mbegu na jembe. Mchoke, mpumzike, mrudi tena. Mtu asiseme kazi imekwisha mpaka wavune wale chao. Amina.