Swaumu Isiyo na Magharibi

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.



Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Chienge, kando ya Ziwa Mweru. Ulikuwa mwezi wa Januari, uvuvi umefungwa. Samaki wabichi walikuwa adimu, lakini ugali wa muhogo na chisense wakavu tulikuwa navyo. Aliyekosekana kwenye sinia ni mdogo wangu wa kike. Kila siku alisema, “Kaka, nimefunga.” Nami, msomi wa dini, nikamsifu mbele ya wazee.

Usiku mmoja nikamwona akimwaga futari yake nyuma ya nyumba. Ndipo nikamtazama vizuri. Mikono imekwisha, anajifunika kanga kwa baridi na sisi tunatoka jasho. Mama akaniambia alishawahi kuzimia kisimani.

Uvuvi hufungwa tarehe 1 Desemba, na mwisho wa Februari ukifika ziwa hufunguliwa. Swaumu nayo ina magharibi yake. Ya mdogo wangu haikuwa na magharibi.

Ndugu zangu, haya ni maradhi. Mtu huogopa kunenepa hadi akajinyima chakula. Mwingine hula kwa pupa kisha akajitapisha kwa siri. Huwapata wasichana na wavulana, na huweza kudhoofisha moyo hata kuua. Tusiseme ni maringo, wala tusiseme ni mambo ya Wazungu.

Tuzungumze naye vipi? Tumtazame Salman (r.a.). Alimtembelea nduguye Abu Dardaa (r.a.), ambaye alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku hadi akaisahau nyumba yake. Chakula kilipoletwa, Abu Dardaa akasema amefunga. Salman hakumgombeza. Alimwambia yeye naye hatakula mpaka nduguye ale, naye akala. Kisha akamkumbusha kwamba Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alisema Salman amesema kweli.

Nami nikamwita mdogo wangu faraghani. Nikamwambia, “Nimekuona ukimwaga chakula. Nina hofu juu yako. Na unisamehe, nilikusifu bila kukutazama.” Akakasirika: “Kaka, unanizuia ibada?” Akaondoka. Sikumfuata kwa maneno. Siku ya tatu akaja mwenyewe, akalia. Yalianza harusini, jamaa walipomwita pipa mbele ya watu. Na Allah ametukataza katika Suratul Hujurat kuitana majina mabaya!

Kwa hiyo, ndugu yangu, sema uliyoyaona, usiseme juu ya mwili wake. Usihesabu matonge yake, usimlazimishe, usimtishe kwa moto. Musa na Harun (a.s.) waliamrishwa kusema kwa upole na Firauni, je, dada yako? Akipata nafuu, usimwambie, “Mashaallah, umenenepa.” Neno hilo laweza kumrudisha alikotoka. Na akizimia, akitapika mara kwa mara au akitaja kufa, usiifanye siri. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu swaumu, Allah amempa mgonjwa ruhusa katika Suratul Baqara. Daktari akisema kufunga kutamdhuru, basi kula kwake ni kuipokea ruhusa ya Mola wake. Siku za Ramadhani zilizompita amuulize sheikh mwenye elimu.

Mdogo wangu hajapona. Anahudhuria kituo cha afya, na siku nyingine anarudi nyuma. Kila jioni nampigia simu wakati wa chakula. Simuulizi amekula nini. Mimi nakula huku, yeye anakula kule, tunazungumza habari za nyumbani.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na utupe macho ya kuwaona kabla ya ndimi za kuwasifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.