Mawese, Usipa na Moyo
Asubuhi ufukweni Matema, wilayani Kyela, samaki wadogo waitwao usipa huanikwa. Sokoni Kyela mjini, chupa za mawese mekundu nazo husubiri wanunuzi. Vyote viwili vinauhusu moyo.

Wengi huamini kuwa mafuta ya mimea, kwa kuwa hayana lehemu (kolesteroli), hayana neno. Kweli, mawese hayana lehemu. Lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda, na yakizidi mlo hadi mlo, ini hupunguza kasi ya kuondoa kolesteroli mbaya, LDL, kwenye damu. LDL hiyo hupenya kuta za mishipa na kujenga utando, miaka nenda miaka rudi. Utando ukipasuka, damu huganda juu yake na sehemu ya moyo hukosa oksijeni. Mkulima wa mpunga hasikii lolote mpaka siku kifua kinapobana, ndiyo maana kipimo cha damu ni cha lazima kwa mwenye kisukari, shinikizo la damu au anayevuta sigara.

Mawese yasifukuzwe jikoni. Yana karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Yapunguzwe tu. Usipa wachemshwe kwa nyanya badala ya kukaangwa kwa mafuta mengi, na wali wa Kyela usindikizwe na maharage.