Chuma na Jiwe

Hapa mtaani Ngarenaro ukitaka kumsifu mtu aliyestahimili misukosuko, utasema huyo ni chuma. Mwingine atasema huyo ni jiwe. Tunazitumia sifa hizi mbili kana kwamba ni moja, na nadhani hapo ndipo tunapokosea kupimana.

Mtazame fundi anapokunja nondo kandokando ya barabara. Anaibana, anachomeka bomba refu kwenye ncha yake, anavuta. Nondo inagoma kidogo, kisha inakubali. Ndani yake atomi zimejipanga safu kwa safu, na elektroni zao za nje hazina mwenyewe. Zinatembea huku na huko zikizishikilia atomi zote. Safu ikisukumwa ikajikuta na majirani wengine, inashikiliwa na elektroni zilezile. Kwa hiyo chuma hupinda bila kukatika. Kupinda huko sisi watu tunakuona udhaifu, hasa kwa wanaume.

Tanzanaiti, inayochimbwa Mirerani pekee, inaishinda nondo hiyo kwa ugumu. Katika kipimo cha Mohs, ambamo almasi ina 10, yenyewe iko kati ya 6 na 7, na ncha yake itaikwaruza nondo. Lakini idondoke sakafuni vibaya! Humo silikoni, oksijeni, alumini na kalsiamu zimeshikana kila moja mahali pake, hazina ruhusa ya kuteleza, na upo upande mmoja ambao mshikamano wake ni hafifu. Pigo likiupata upande huo, jiwe linapasuka bapa, laini kama lililokatwa kwa makusudi. Mkata vito hulijua hilo. Huligeuza jiwe mwangani, huku bluu, huku zambarau, kwa kuwa mpangilio wa ndani hauupokei mwanga sawasawa kila upande. Na kabla hajaligusisha kwenye gurudumu, anataka ajue mpasuko ulipolala ili uso mkubwa wa kito usiufuate. Hata almasi, na ufalme wake wote, nyundo inaipasua.

Almasi yenyewe ina ndugu asiyetajwa sana. Wanaapolo, wachimbaji wa Mirerani, hutoka mashimoni weusi tititi, macho na meno tu ndiyo yanayoonekana. Weusi ule ni kinywe, kinachokaa kwenye miamba ileile yenye tanzanaiti. Ni kaboni, kama almasi za Mwadui zilizomtajirisha mwanajiolojia Williamson tangu 1940. Katika almasi kila atomi imewashika majirani wanne, pande zote. Katika kinywe imewashika watatu tu, zikafanya shuka jembamba, na shuka hulala juu ya shuka bila kushikana sana. Ndiyo maana kinakupaka mikono na kinaandika kwenye karatasi. Wanaopenda kuulizana ukoo kabla ya kuaminiana wangepata taabu hapa, maana ukoo ni mmoja.

Na nafasi ile iliyolegea kati ya shuka na shuka ndiyo inayotafutwa leo. Betri ya simu inapochajiwa, lithiamu hujipenyeza humo ikatulia; unapoitumia, hutoka tena. Almasi, ilivyojifunga, haina pa kuipokea. Kwa sababu hiyo wawekezaji wanakwenda Mahenge kutafuta kinywe, vumbi ambalo mwanaapolo huliosha kwa sabuni jioni.