Fuvu la Kalenga na Tarehe 9 ya Mwezi wa Av

Biblia ina tarehe mbili za kuchomwa kwa Hekalu la Yerusalemu. Kitabu cha pili cha Wafalme kinasema Nebuzaradani, mkuu wa askari wa Babeli, alifika siku ya saba ya mwezi wa tano, ndio Av. Yeremia anasema ilikuwa siku ya kumi. Wayahudi hufunga siku ya tisa.

Talmudi inaeleza: adui waliingia hekaluni siku ya saba, wakawasha moto siku ya tisa jua likielekea kuzama, nao ukateketeza hadi siku ya kumi. Rabi Yohanan alisema lau angekuwepo zamani zile, angeichagua ya kumi, maana hapo ndipo sehemu kubwa ya jengo ilipoungua. Wenzake walishikilia kwamba balaa huliliwa tangu linapoanza.

Siku hiyo huangukia Julai au Agosti, miezi ambayo Mbeya na Iringa watu hawatoki bila koti. Hekalu la kwanza, 586 KK. La pili, lililoangushwa na Warumi mwaka 70 BK. Kuanguka kwa ngome ya Kiyahudi ya Betar mwaka 135. Baadaye kufukuzwa Hispania, 1492: yote yanaombolezwa kwa pamoja. Tangu jua kuzama hadi usiku wa kesho yake watu hawali, hawanywi, hawaogi, hawavai viatu vya ngozi. Hukaa sakafuni, kitabu cha Maombolezo kikisomwa kwenye mwanga hafifu. Mtu wa Iringa aliyewahi kulala msibani ataona mengi anayoyajua, isipokuwa moja: kwetu anayeingia huanza na pole, wao siku hiyo hawasalimiani.

Je, mtu anaweza kulia kwa haki juu ya tukio ambalo hata tarehe yake ilibidi ichaguliwe? Jibu linaweza kutafutwa Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa.

Wajerumani waliiteka ngome ya Kalenga Oktoba 30, 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kulishinda jeshi lao huko Lugalo. Mkwawa, chifu wa Wahehe, alipigana msituni hadi Julai 19, 1898, akajipiga risasi ili asikamatwe. Kichwa chake kikakatwa. Mwili ukazikwa Mlambalasi, kichwa kikapotelea Ulaya. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi sita. Halikuja.

Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, lililokuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Akayapima yale ya Afrika Mashariki, akatafuta lililofanana kwa vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Juni 19, 1954 akamkabidhi mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, fuvu lililoteuliwa. Wako wanahistoria wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe.

Shaka hiyo ni halali, na inastahili kuchunguzwa. Lakini haiwaondolei waliofiwa haki ya kuomboleza. Kichwa kilikatwa kweli, Hekalu liliungua kweli. Pale ushahidi unapoishia, wafiwa hulazimika kukubaliana mahali pa kukaa na siku ya kukaa, kisha wakae kweli, kwa njaa na kwa mgongo unaouma.

Ugumu unabaki kwenye kukusanya misiba yote katika siku moja. Wako marabi waliotaka mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi yaombolezwe tarehe 9 Av. Mwaka 1951 Bunge la Israeli likayapa siku yake, 27 Nisani. Songea nao wana Februari 27, tarehe waliyonyongwa mashujaa wa Maji Maji mwaka 1906. Tanzania nzima ina Julai 25, Siku ya Mashujaa, ambapo rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara. Ni siku sita tu baada ya tarehe aliyokufa Mkwawa, na hakuna anayefunga.